MZEE ANATETEMEKA: NI POMBE, NI UCHAWI, AO NI UGONJWA?



Katika kila site ya wafanyakazi kuna mzee mmoja anayetetemeka mkono. Watoto wanamwiga njiani. Majirani wanasema: «Alikunywa lutuku nyingi wakati wa ujana wake.» Wengine wanasema kwa sauti ya chini: «Kuna mtu ndani ya nyumba ile aliyemfunga.» Na mzee mwenyewe anaficha mkono ndani ya mfuko wa koti juu ya haya. Anaacha kwenda kanisani, anaacha kuketi na wenzake chini ya muembe, mwisho anabaki ndani ya nyumba peke yake.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa mzee huyu. Tena tutazungumza juu ya kazi inayofanywa na watafiti wa nchi mbalimbali: wanapiga foto ya moto unaowaka pole pole ndani ya ubongo wa mtu aliye hai. Utasema: «Mambo hayo ni ya mbali, yananihusu nini mimi mtu wa mgodi?» Soma mpaka mwisho. Yanakuhusu, na zaidi wewe unayechomelea vyuma na wewe unayefanya kazi ndani ya vumbi.

Kosa langu mwenyewe

Kwanza niseme ukweli. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja aliletwa na bibi yake mbele ya meza yangu. Alikuwa sudere, sasa yuko pansioni. Mkono wake wa kuume ulitetemeka alipokuwa ameuweka juu ya goti, lakini alipoinyosha mkono kunisalimia, kutetemeka kulipungua. Aliongea kidogo sana, na uso wake haukucheka wala haukukasirika. Mimi nilinusa pumzi yake, nikaandika kwenye fishi: «Pombe.» Nilimpa shauri la kuacha kunywa, nikamrudisha nyumbani.

Bibi yake aliniambia: «Munganga, mzee wangu hakunywa pombe tangu alipobatizwa.» Sikumsikia. Watu walikuwa wengi kwenye mstari.

Kumbe nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jamaa walikuwa wamekwisha kupata mwenye kosa: mtoto wa ndugu yake, kijana wa miaka 12, waliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Walisema yeye ndiye anayekula nguvu za mzee usiku. Walimfukuza. Mtoto akalala sokoni.

Mwaka uliofuata mzee alianguka mbele ya nyumba, akachubuka kichwa, wakamleta tena. Siku ile munganga mkubwa wa hospitali alikuwa kwetu. Alimwangalia mzee akitembea hatua kumi, akamwambia afungue na kufunga vidole mara nyingi, akashika mkono wake na kuukunja kwenye kiwiko. Kiisha aliniambia: «Huyu ana Parkinson. Pombe haina kitu hapa.» Sikupata jibu.

Nimeandika habari hii kwa sababu sitaki wewe ufanye kosa kama langu nyumbani kwako.

Ugonjwa huu ni nini?

Mwaka 1817 munganga wa London, jina lake James Parkinson, aliandika kitabu kidogo juu ya watu 6 waliotetemeka na kutembea wameinama mbele. Baadaye, huko Paris, munganga Jean-Martin Charcot aliuita ugonjwa kwa jina la Parkinson. Basi si ugonjwa wa leo wala wa jana, na hauchagui taifa. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8 na nusu duniani walikuwa nao.

Ndani ya ubongo, katikati, chini kabisa, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe za sehemu hiyo zinatengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini inafanya kazi kama mafuta ndani ya mashine: bila mafuta mashine ni nzima, vyuma vyote viko, lakini inakwama. Chembe zile zikifa, dopamini inapungua, na mwili unakwama namna hiyo. Mtu anataka kuinuka, miguu inachelewa. Anataka kucheka, uso haufuati.

Shida kubwa ni hii: siku mtu anapoona mkono wake unatetemeka kwa mara ya kwanza, karibu nusu ya chembe zile, ao zaidi, zimekwisha kuharibika. Ugonjwa ulianza miaka mingi mbele, bila kupiga hodi. Kwa hiyo watafiti wanajiuliza: ni nini kinachoua chembe hizo pole pole namna hii? Na tunaweza kukiona kikifanya kazi?

Walinzi wa ubongo

Ukikatwa kidole na bati, kesho kidole kinakuwa chekundu, kina moto, kimevimba na kinauma. Wanganga wanaita jambo hilo inflamasioni. Si adui. Ni askari wa mwili wamefika kuua vijidudu na kuondoa uchafu. Wakimaliza wanarudi kambini, kidonda kinapona.

Ubongo nao una walinzi wake. Wanaitwa mikroglia. Munganga wa Spania, Pío del Río Hortega, ndiye aliyewaonyesha vizuri mwaka 1919. Siku za amani, mlinzi huyu ana mikono mirefu myembamba, anapapasa kila upande kuona kama yote ni sawa. Akiona chembe iliyokufa ao sumu, anakunja mikono, anavimba, anaanza kula uchafu na kutupa dawa kali za kuua adui.

Sasa fikiri juu ya mlinzi wa depo aliyepewa bunduki. Mwizi akija, ni vizuri apige. Lakini kama anaendelea kupiga usiku kucha, mwezi mzima, mwaka mzima, risasi zitafika nyumba za watu wa depo wenyewe. Ndiyo hofu ya watafiti: kwamba katika Parkinson walinzi hawarudi kambini.

Mwaka 1988, huko Vancouver nchini Kanada, Patrick McGeer na bibi yake Edith McGeer pamoja na wenzao walichunguza ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Parkinson. Ndani ya ile sehemu nyeusi walikuta walinzi wengi wameamka.

Habari nyingine ilitoka California. Mwaka 1982 vijana waliojichoma sindano ya dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya walikakamaa mwili kwa muda wa siku chache, kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Munganga William Langston na wenzake waligundua kwamba ndani ya dawa ile mulikuwa sumu moja, MPTP. Mwaka 1999 waliandika juu ya watu 3 kati ya walioumwa na sumu hiyo. Watu hao walikufa miaka 3 mpaka 16 baada ya kujichoma. Sumu ilikwisha kutoka mwilini zamani, lakini ndani ya ubongo wao walinzi walikuwa bado wameamka. Mwizi aliondoka, bunduki haikunyamaza.

Foto ya moto

Kuchungua maiti kunaonyesha mwisho wa safari tu. Watafiti walitaka kuona walinzi hawa ndani ya mtu aliye hai, anayeongea, anayerudi nyumbani jioni. Kazi hiyo inafanywa kwa kamera inayoitwa PET.

Inafanyika hivi. Mlinzi anapoamka, anajaza ndani yake protini moja inayoitwa TSPO. Kuna dawa, PK11195, inayopenda kushika protini hiyo. Watafiti wanaifunga dawa hiyo na kaboni ya namna ya pekee, kaboni 11, inayotoa mwanga tusioweza kuuona kwa macho. Wanamchoma mgonjwa sindano ya dawa kidogo sana kwenye mshipa. Dawa inakwenda na damu mpaka kwenye ubongo, inashika mahali walinzi walipoamka. Mgonjwa analala kichwa chake kikiwa ndani ya mzingo wa kamera, karibu saa moja. Kamera inahesabu mianga, na mashine ya kompyuta inatengeneza picha: mahali penye walinzi wengi walioamka panang'aa zaidi.

Kaboni 11 haingoji mtu. Kila dakika 20 nguvu yake inakatwa nusu. Baada ya saa moja inabaki sehemu 1 ya 8. Baada ya saa mbili, sehemu 1 ya 64. Ni kama bukari: lazima iliwe ingali moto. Kwa hiyo mashine kubwa inayotengeneza kaboni hiyo lazima iwe jirani na kamera, na wote wawe tayari kabla: mgonjwa, nersi, mtengeneza dawa na mtu wa kamera. Mmoja akichelewa, kazi ya siku nzima imepotea.

Nani anafanya kazi hii? Mara nyingi ni vijana wanaoitwa watafiti wa baada ya doktora. Wamekwisha kupata diploma kubwa kabisa ya shule, lakini bado wanafanya miaka michache chini ya bwana mkubwa wa kazi. Wewe unayejua atelie utaelewa: ni kama ajusteri aliyekwisha kupata breve, lakini bado anasimama pembeni ya mzee wa kazi mpaka mkono wake uzoee. Wanangoja kaboni, wanaandika saa, wanachora mipaka ya kila sehemu ya ubongo kwenye kompyuta, wanasahihisha picha mgonjwa alipotikisika. Maana kumpiga foto mtu anayetetemeka ni kazi ngumu. Picha inafanya ukungu.

Foto zilionyesha nini?

Mwaka 2005, katika mji wa Hamamatsu huko Japani, Yasuomi Ouchi na wenzake walipiga foto wagonjwa 10 waliokuwa mwanzoni mwa Parkinson, ambao hawajameza dawa bado. Waliona walinzi wameamka katikati ya ubongo, karibu na ile sehemu nyeusi. Tena waliona hivi: kwa mgonjwa ambaye walinzi wake waliamka zaidi, alama za dopamini zilikuwa zimepungua zaidi.

Mwaka 2006, huko London, Alexander Gerhard na wenzake walipiga foto wagonjwa 18. Wao waliona moto umeenea sehemu nyingi za ubongo, si mahali pamoja tu. Wagonjwa wengine walirudi kupigwa foto tena baada ya karibu miaka miwili. Mwili wao ulikuwa umechoka zaidi, lakini moto ndani ya foto ulibaki karibu sawa na mwanzo. Ni kama makaa chini ya majivu: yanawaka tangu asubuhi, hayapandi, hayazimiki.

Mwaka 2015 watafiti wa Stockholm nchini Swedi walijaribu kitu kingine. Waliwapa wagonjwa wa Parkinson dawa mpya ya kutuliza walinzi kwa wiki chache, wakapiga foto mbele na nyuma. Mwangaza ulipungua. Ndugu msomaji, usiende kuitafuta dawa hiyo sokoni. Jaribio lile halikuonyesha kwamba wagonjwa walipona. Lilionyesha kwamba foto inaweza kupima kama dawa imefika mahali pa moto. Hilo ni jambo kubwa, maana mbele ya hapo mtu alijaribu dawa kama fundi anayetengeneza motere gizani.

Foto haisemi yote

Mwandishi wa ukurasa wa afya hapaswi kuwauzia watu ndoto. Kwa hiyo ujue na mipaka.

Kwanza, protini ile ya TSPO haiko ndani ya walinzi peke yao. Chembe nyingine za ubongo na za mishipa ya damu zinayo pia. Mwangaza kwenye foto unasema «hapa kuna jambo», lakini hauandiki jina la kila aliyekuwapo.

Pili, foto haionyeshi kama mlinzi anaharibu ao anatengeneza. Wengine wanaondoa uchafu na kusaidia chembe zilizobaki. Ukimzima kila mlinzi, unaweza kufukuza na mwema.

Tatu, watu si sawa kwa damu. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba tofauti ndogo ya urithi, tunayoipata kwa baba na mama, inafanya dawa mpya za foto zishike vizuri kwa mtu huyu na vibaya kwa yule. Kwa hiyo wanapotumia dawa hizo mpya wanapima damu kwanza.

Na swali kubwa bado liko mezani: moto ndio unaoua chembe, ao chembe zinazokufa ndizo zinazoita moto? Watafiti wengi wanafikiri yote mawili yanazunguka kama gurudumu: chembe inakufa, mlinzi anaamka, dawa zake kali zinaumiza chembe ya jirani, nayo inaita mlinzi mwingine.

Na sisi watu wa mgodi?

Sasa tumefika nyumbani. Kuna metali moja inayojulikana kwa kuharibu ubongo na kuleta ugonjwa wa jamaa na Parkinson. Ni manganezi. Wazee wa hapa wanaijua kwa jina la Kisenge, huko magharibi, ambako ilichimbwa miaka mingi.

Mwaka 1837 munganga wa Glasgow, John Couper, aliandika juu ya watu 5 waliokuwa wanasaga manganezi ndani ya kiwanda. Miguu yao ilikosa nguvu, wakawa wanatembea kwa kuinama mbele, sauti ikawa ndogo. Baadaye wachimbaji wa manganezi wa Moroko na wa Chile walionekana na ugonjwa huo huo. Chile waliuita «wazimu wa manganezi», kwa sababu mara nyingine unaanza kwa kucheka ao kulia bila sababu, hasira na ndoto mbaya, kiisha miguu inakakamaa na mtu anaanguka kinyumanyuma.

Tena kuna habari inayostahili kujulikana na kila mchimbaji. Kule Chile alifika munganga aliyezaliwa Ugiriki, George Cotzias, aliyefanya kazi New York. Alikuwa anafuata njia ya manganezi ndani ya mwili wa wachimbaji. Kazi hiyo ilimpeleka kwenye Parkinson, na mwaka 1967 alionyesha kwamba dawa ya levodopa, ikitolewa kidogo kidogo na kuongezwa pole pole, inawainua wagonjwa wa Parkinson waliokuwa wamekakamaa. Levodopa inageuka dopamini ndani ya ubongo. Mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza ya ugonjwa huu. Basi kila mzee anayemeza kidonge hicho asubuhi, njia ya dawa yake ilipita kwa wachimbaji kama sisi.

Lakini wewe utasema: «Sisi hatuchimbi manganezi.» Angalia atelie. Meno ya mashine ya kuchimba na vyuma vya ndani vya mashine ya kusaga mawe mara nyingi ni chuma cha manganezi, kinachoweza kuwa nayo karibu 12 kwa 100. Bageti nyingi za sudire zina manganezi, na zile za kujaza chuma kigumu zinaweza kuwa nayo zaidi. Sudere anapochomelea, manganezi inapanda ndani ya moshi. Ile tunayokula ndani ya maharagwe ao chai haina neno. Mwili unaihitaji kidogo, na ini linatupa inayozidi. Lakini ile tunayovuta kwa pua inaingia mapafuni, inapita ndani ya damu, inafika ubongoni bila kupita kwenye ini kwanza.

Hapa tena kamera zilisema neno. Mwaka 2011 watafiti wa St. Louis huko Marekani waliandika juu ya masudere waliopigwa foto ya PET, watu waliojiona wazima kabisa. Foto ya alama za dopamini ilionyesha upungufu katika sehemu moja ya ubongo, tena si sehemu ile ile inayoanza kuharibika katika Parkinson ya kawaida. Na kwenye maabara, chembe za mikroglia zikitiwa manganezi zinaamka na kuanza kutupa dawa zao kali. Wachunguzi bado wanabishana kama moshi wa sudire unaleta Parkinson yenyewe. Kwamba manganezi nyingi inaharibu ubongo, hakuna anayebisha. Na kwa ugonjwa wa manganezi, levodopa mara nyingi haisaidii kama inavyosaidia Parkinson. Kwa hiyo dawa yake ya kweli ni kutoivuta.

Wewe sudere, fanya hivi:
— Chomelea mahali penye hewa. Ndani ya tanki, ya bomba ao ya shimo, usianze kabla vantilatere ya kuvuta moshi haijawashwa.
— Weka mdomo wa bomba la kuvuta moshi karibu na moto, upande wa mbali na uso wako. Kichwa chako kisiwe juu ya moshi.
— Kioo cha kulinda macho si maski ya moshi. Uliza maski yenye filtre, na uibadilishe filtre ikijaa.
— Kitambaa cha mdomoni hakizuii moshi wa metali. Usijidanganye.
— Usile wala usivute tumbako karibu na kazi. Nawa mikono na uso kwanza.
— Usirudi nyumbani na nguo za kazi. Vumbi lako ni vumbi la mtoto wako.

Wewe shefu wa ekipi, usimcheke anayekataa kuingia ndani ya tanki bila hewa. Anafanya kazi yako.

Alama za kuangalia nyumbani

Mama, wewe ndiwe unayeona mbele ya munganga. Angalia mambo haya kwa mzee wako:
— Mkono mmoja unatetemeka ukiwa umepumzika, na unatulia kidogo anaposhika kitu. Lakini wengine hawatetemeki hata kidogo.
— Maandishi yanakuwa madogo. Linganisha sahihi yake ya leo na ya miaka mitano iliyopita.
— Mkono mmoja haumfuati anapotembea. Hatua ni fupi, anaburuta mguu.
— Vifungo vya shati vinamchukua muda mrefu.
— Uso hauonyeshi furaha wala hasira, sauti inapungua.
— Hasikii tena harufu ya sombe jikoni. Choo kinakuwa kigumu. Usiku anapiga ngumi na mateke ndani ya ndoto. Mambo haya yanaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi.

Alama moja peke yake si Parkinson. Zikiwa mbili ao tatu, mlete. Na unapomleta, leta na dawa zote anazomeza, hata zile za kununua sokoni. Kuna dawa za kutapika, kama metoklopramide, na dawa za wazimu, kama haloperidoli, zinazoweza kumkakamaza mtu kama Parkinson. Mara nyingi, munganga akiziondoa, mtu anarudi vizuri.

Kama ni Parkinson, hakuna haja ya kwenda mpaka London ao Japani kupigwa foto ile. Foto zile ni za utafiti. Munganga anaujua ugonjwa kwa macho, kwa mikono na kwa masikio, kama yule aliyenifundisha mimi. Levodopa iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya la Dunia. Imezwe kwa saa zile zile kila siku, nusu saa hivi mbele ya chakula, maana nyama na maharagwe vinaweza kuizuia kuingia. Isiachwe kwa ghafula hata siku moja bila neno la munganga, ni hatari. Na mzee asikae kitini siku nzima. Atembee kila siku, aimbe, afanye kazi ndogo za mikono.

Nimalize habari ya mzee wangu. Alipoanza dawa, baada ya wiki chache alifunga vifungo vyake mwenyewe. Hakupona, ugonjwa huu hauponi leo, na unaendelea pole pole. Lakini alirudi chini ya muembe. Siku moja nilimweleza habari ya walinzi na ya kamera kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza, kiisha akauliza: «Munganga, foto ile ingeonyesha na mtoto ndani yake?» Nilimjibu: «Hapana, baba. Hakuna mtoto ndani yake.» Akaniambia: «Basi njoo Jumapili, uwaambie hivyo jamaa zangu. Mimi sauti yangu ni ndogo.»

Nilikwenda. Tulizungumza tangu saa nane mpaka jua kushuka, na wengine hawakukubali siku ile. Bibi yake hakungoja wakubali wote. Kesho yake asubuhi alikwenda sokoni kumtafuta mtoto, akarudi naye.

Wewe unayesoma, kama nyumbani kwako ao kwa jirani kuna mzee anayetetemeka, mlete. Mlango wa dispansere uko wazi kila asubuhi, na safari hii tutamsikiliza na bibi yake.